Bhoke Apitia Getini

Bhoke Wangwe alikuwa amevuka mpaka wa Kenya na Tanzania mara zisizohesabika, na hata siku moja hakupitia getini. Kwao ni Isebania, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Dada yake mkubwa, Susana, aliolewa Sirare, upande wa pili. Kati yao palikuwa na mtaro, shamba la mihogo, na kijia kilichokanyagwa na Wakuria tangu kabla serikali hazijajua kuchora ramani. Chumvi ikiisha, anavuka. Susana akijifungua, anavuka na uji. Nani apange foleni kwenda kumwona dada yake?

Lakini ng'ambo, ile ng'ambo yenyewe, hakuwahi kufika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa shule ya wasichana huko Uriri, na kila mwaka Kidato cha Tatu kilifunga safari. Yeye aliwanywesha uji, akawapungia mwiko. Waliporudi walimwonyesha karatasi zao za mpakani zenye muhuri. "Mama Bhoke, tulikuwa watalii!" Alizishika kwa ncha za vidole asizitie masizi, na wivu ukamla kimyakimya. Hakutaka makuu. Alitaka kupokewa mahali kama mgeni, mara moja tu, na awe na karatasi ya kuthibitisha.

Mwaka wa tisini na tano, mwalimu wa jiografia, Fanuel, mtu mwembamba aliyeogopa kila kitu isipokuwa volkano, aliandika orodha ya safari ya Musoma: wasichana thelathini, yeye mwenyewe, na mwisho kabisa, Bhoke Wangwe. Bhoke alikwenda Migori akanunua viatu vya buluu. Vilimbana, akasema vimemkaa sawasawa.

Walifika Isebania kukipambazuka. Afisa wa muhuri upande wa Kenya alikuwa hajaja. Saa nzima ikapita. Wasichana waliotoka bila chai, kwa vile Fanuel aliogopa kuchelewa, wakaanza kujikunja vitini. Valary, binti wa wavuvi kutoka Homa Bay, akalalamika, "Mama Bhoke, njaa itaniua kabla sijaona hiyo Tanzania."

Mazoea yana taabu. Mpishi hasikii neno njaa akatulia. Bhoke alichukua debe tupu la chai, akashuka garini, na miguu ikashika njia kabla kichwa hakijaulizwa: nyuma ya kinu, chini mtaroni, katikati ya mihogo, mpaka jikoni kwa Susana.

"Umependeza! Unakwenda wapi?" Susana akauliza.

"Nakwenda Tanzania," Bhoke akajibu, huku akipuliza moto wa dada yake.

Hakuna aliyecheka, maana hawakuona cha kuchekesha.

Huku nyuma afisa alifika, akagonga mihuri, na Fanuel akabaki na karatasi moja mkononi isiyo na mwenyewe. Alikuwa akimtafuta chini ya viti vya basi wakati sauti ilipotoka ng'ambo ya kizuizi. "Njooni! Chai iko tayari!" Bhoke alikuwa amesimama Tanzania, debe kichwani, akitabasamu.

Afisa wa Kitanzania, Japheth, kijana wa adabu nyingi, alimsogelea. "Shikamoo, mama. Samahani, naomba karatasi yako."

"Iko na mwalimu, pale Kenya."

"Yaani wewe uko huku, na karatasi yako iko kule?"

"Ndio, lakini inakuja."

Japheth alivuta pumzi. "Mama yangu, kwa sheria hujatoka Kenya, kwa hiyo hujaingia Tanzania. Sasa nikugongee muhuri wa nini? Watoto wataendelea. Wewe utabaki."

Hapo ndipo Bhoke alipoelewa alichokifanya. Alishusha debe, machozi yakamtoka mbele ya watoto aliowalisha. "Mwanangu, hii njia ya mihogo nimepita tangu nikibebwa mgongoni. Leo ndio nilikuwa napitia geti."

Kijana aliviangalia vile viatu vya buluu, vimejaa udongo. "Basi rudi Kenya utoke upya."

"Nipite hapa getini?"

"Hapana! Utapitaje getini na hujaingia?" Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akageuka kuitazama kalenda ukutani. "Mimi nasoma tarehe, mama. Ninasoma polepole."

Bhoke alivua viatu akatimua mbio, mwanamke wa miaka arobaini na minane, gauni mkononi. Akatokeza kando ya kinu akihema, akagongewa muhuri wa Kenya, akavivaa viatu vyake. Kisha akatembea chini ya kizuizi taratibu, ingawa basi zima lilikuwa likimngoja yeye. Japheth, ambaye sasa alikuwa na kikombe cha chai mkononi, alisimama wima.

"Karibu sana Tanzania, mama."

Wasichana walipiga makofi mpaka Fanuel akaogopa.

Musoma waliiona bandari, wakapanda majabali ya ufukweni. Valary aliukunja uso. "Yaani tumetoka mbali hivi kuonyeshwa ziwa yetu?"

"Nyamaza, angalia," Bhoke alimwambia. "Kwenu unaiona ukiosha sufuria. Leo unaiangalia tu."

Mchana, shule waliyoitembelea ilimletea Bhoke kiti, maji ya kunawa, na sahani ya wali na samaki. Mara tatu aliinuka kwenda kuosha vyombo, na mara tatu wasichana wake wakamkalisha. Mara ya nne hakuinuka. Alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akashindwa kumaliza samaki.

Jioni, Susana alikuwa akimngoja Sirare kando ya mihogo. "Pita huku, nimekuwekea maziwa."

Miguu ilitaka. Bhoke akaizuia. "Leo mimi ni mgeni. Nisindikize getini."

Wakaenda wameshikana mikono. Japheth aligonga muhuri wa kutoka, akamnyooshea Susana kidole kwa upole. "Wewe mwisho wako hapa, mama." Kizuizi kikashuka kati yao. Tangu wazaliwe hawakuwa wameagana, wanaokaa kando mbili za shamba la mihogo hawaagani, huambiana tu "haya." Sasa Susana alisimama nyuma ya mti ule wa kizuizi akilia, naye Bhoke akapunga mkono mpaka ukamuuma.

Shule ilipofungwa, alivua viatu vya buluu mtaroni, akavuka na sukari. Akamwonyesha dada yake karatasi. Susana aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mihuri yote, akamrudishia.

"Nzuri," alisema. "Lakini usipitie huko tena. Ukipitia huko unakuwa mbali."