Kipipa cha Chooni Ugiriki

La, sikwenda. Na si magoti, maana najua huko ndiko mnakoelekea. Magoti yangu yanapanda ngazi za Woolwich kila siku ya soko, na kikapu mkononi. Wala si ndege, wala si viza. Ni choo. Choo na kipipa chake. Kaeni niwaambieni, ila kama mnakula, wekeni sahani chini kwanza.

Mie nna mdogo wangu wa tumbo moja. Tumekulia Unguja, nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, chumba kimoja, neti moja. Yeye akaolewa, akachukuliwa Denmark. Mie nikaja London kumsaidia mwanangu kulea, mtoto akakua, mie nikabaki. Tangu tulipomzika mama yetu hatujalala nyumba moja ila mara moja tu, na hiyo siihesabu. Nilikwenda kwake huko Denmark nikakuta mbwa. Mbwa kama ndama, wa mwanawe, anapita jikoni, anapita sebuleni, ananinusa pindo la kanga. Mdogo wangu ananiambia, "Dada, hana neno, mpole huyo." Mie sikuuliza upole wake, niliuliza mate yake. Siku zote nilizokaa nililala kwenye kiti na nikala ndizi, kwa sababu ndizi ina ganda lake.

Na yeye kuja kwangu ni taabu. Flati ya mwanangu ina vyumba viwili, mie nalala na mjukuu, mgeni analala sofani. Mdogo wangu, Mungu amzidishie, si mtu wa sofa. Ni mtu wa kitanda na nusu.

Basi tukasema tutafute pahali pasiwe kwake pasiwe kwangu. Yeye akaona picha kwa shoga yake: mji wa zamani wa Wagiriki, uko pwani, ngome juu, nyumba za mawe chini, njia nyembamba watu wawili hawapishani ila mmoja aukumbatie ukuta. Akanipigia. Mdogo wangu siku hizi akisema ndiyo anasema "ja" kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyeungua na chai. "Ja, dada, kama kwetu. Chumba kimoja, vitanda viwili, wiki nzima. Tulale tukisemana."

Hilo la kulala tukisemana ndilo lililonikamata. Ugiriki mie nina nini nayo. Lakini sie ni watu wazima, na simu haisemi yote. Kuna mambo ya mama, mambo ya ile nyumba, mambo ya waume zetu, hayasemeki ila taa imezimwa na kila mtu kautazama ukuta wake. Nikajisemea, tusipokutana mwaka huu, mmoja wetu atakuja kuyazungumza na kaburi. Nikamwambia mdogo wangu, nakuja, tutafute chumba.

Kutafuta akapewa mjukuu wangu. Mwanamke mzima, ana kazi yake ya ofisini, lakini akikaa na mie sofani na simu yake anakuwa wa miaka saba. Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu Kizungu, na maneno anayaburura kama kandambili. Mie nawapeni maneno yake kwa Kiswahili. "Bibiii, tazama hii. Tamu sana. Mawe ya zamani, dari ya boriti."

Nikatazama. Boriti kweli, chokaa kweli. Nikamwambia, mjukuu wangu, mie nyumba hiyo nimezaliwa ndani yake. Ile chokaa ilikuwa ikitudondokea kwenye wali, na kwenye boriti wanakaa panya, wanakojoa kutoka juu. Leo nipande ndege nikadondokewe tena? Hebu nisomee waliolala humo wamesema nini.

Akanisomea. Mwanamme mmoja wa Kizungu kalalamika taulo nyembamba. Huyo namjua, wako wengi kwenye basi, wanasema kwa pua na midomo imebana: "Taulo. Zilikuwa. Nyembamba." Mwengine ni bibi kizee mwenzangu: "Ooo, paka wa mtaa huu watamu mno, mmoja alilala kitandani na mie, asubuhi tukala naye." Nikamwambia mjukuu, simama hapo hapo. Paka mie nampenda, paka si najisi. Lakini paka aliyekula na huyu bibi, kesho anakula na mie kwenye sahani ile ile? Weka pembeni.

Ya pili ilikuwa karibu na gati. Nyeupe, shuka nyeupe, madirisha ya buluu. Nikaanza kulainika. Picha ya mwisho, juu ya zile shuka, kakaa mbwa. Kavaa na kitambaa shingoni.

"Wageni wenye mbwa wanakaribishwa, Bibi. Lakini shuka zinafuliwa."

"Zinafuliwa mara saba, na moja kwa udongo, kama dini inavyosema?"

"Zinafuliwa kwa mashine."

"Basi alale mashine."

Ya tatu ilikuwa hoteli nje ya mji, mpya, vioo vitupu. Safi, siwezi kuisingizia. Katikati bwawa la kuogelea, watu wamo ndani wamejiroweka kama mbaazi za futari, na pembeni mwao mtoto kasimama ndani ya maji, uso umetulia, macho mbali. Mie nimelea, uso ule naujua. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia iko hoteli ina mtoto anakojoa. Akavuta pumzi, "Ja, dada," lakini hakucheka sana. "Mie nataka mjini. Nje ya mji nna nyumba yangu mwenyewe Denmark."

Hapo ilinipasa nishtuke. Lakini tuendelee.

Ya nne kaipata mdogo wangu mwenyewe. Nyumba ya mama mmoja mjane, chumba cha juu, ngazi chache, vitanda viwili vina meza katikati. Kibaraza cha kukaa wawili. Mjukuu akaifungua ile picha ya kibaraza, akakunja pua: jirani pale kaanika pweza kwenye kamba, mikono inaning'inia kama nguo za watoto. "Oh my days, Bibi, ukatili huu." Mie nikamnyang'anya simu. Pweza juani. Nilikuwa sijaona kitu kizuri hivyo tangu tuanze. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia, umeona pweza? Akasema, "Ja, kwa ajili ya huyo pweza ndio nimekichagua. Nishamwambia yule mama atuwekee, anangoja jibu lako tu."

Nikasema ndiyo. Kwa mdomo wangu. Mdogo wangu kule akapiga kofi moja, nikalisikia.

Sasa mie kila safari huwa naaga choo cha kwangu kwanza, na nikifika naanzia chooni. Nikamwambia mjukuu, nionyeshe chooni. Na kopo langu nnalo tayari, kopo la kumwagilia maua, nililinunua sokoni Woolwich. Yule muuzaji aliniuliza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Una bustani, mpenzi?" Nikamwambia ninayo, ndogo, inataka maji kila siku.

Mjukuu akanionyesha. Choo cheupe, kinang'ara. Pembeni yake kipipa cha bati, kina kifuniko, na juu yake ukutani kibandiko.

"Hicho cha nini?"

Akasoma kimoyomoyo. Akaanza kucheka peke yake, akazuia. "Bibi, Ugiriki karatasi hawatii chooni. Mabomba ya mji wa zamani membamba, yanaziba. Ukimaliza, karatasi unatia kwenye kipipa."

"Karatasi ipi?"

"Bibi, unajua ipi."

Nikakaa. Nakuulizeni nyie. Mtu kajifuta, na kujifuta kwenyewe bila ya maji ni kama kupaka, halafu anachukua ile karatasi, anaikunja vizuri kama hirizi, anaiweka ndani ya bati. Na mwengine anakuja juu yake. Na jua la Ugiriki mnalijua. Na kifuniko kinafunguka kwa mguu, kinakupepea usoni.

"Lakini wewe Bibi karatasi hutumii," mjukuu akasema. "Chenu kitakuwa kitupu."

"Changu kitupu. Na cha aliyetangulia?"

"Kinamwagwa."

"Na nani?"

Nikamwambia mpigie huyo mama. Hataki. Nikamwambia mpigie au nitampigia mie. Akapiga, simu akaiweka mezani tusikie wote. Akapokea mwanamke, sauti nzito, ya mtu aliyeita watoto barabarani maisha yake yote. Kizungu chake na changu vimelingana, vyote vimevunjika pahali pamoja, ndio maana tulielewana mno.

"Madam, karibu, madam. Chumba kizuri. Bahari unaona."

"Maji iko?"

"Maji nyingi. Moto, baridi."

"Karatasi?"

"Karatasi kipipa, madam. Mji mkongwe, bomba mkongwe. Ugiriki yote hivyo."

"Nani anamwaga?"

"Mie," akasema, na alisema kwa fahari, kama mtu anayeulizwa nani kamzaa bwana harusi. "Mie mwenyewe, kila asubuhi. Pasafi sana."

"Na chai ya asubuhi?"

"Mie mwenyewe. Mkate, jibini, asali. Jamu napika mie."

Mjukuu akanikamata kanga. Kachelewa.

"Mkono huo huo?"

Nikasikia pikipiki inapita kule kwao. Halafu yule mama akauliza taratibu, "Madam. Wewe una mikono mingapi?" Akakata.

Mie nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Mjukuu hakucheka. Akasema nimemdhalilisha mtu anayefanya kazi yake, na akaingia chumbani kwetu akafunga mlango. Mwanangu aliporudi kazini nikampa kisa chote, yule mama na sauti yake, na mjukuu na kukunja pua kwake, na mwanangu akacheka, kwa hiyo nikajua kisa kinachekesha.

Jumapili mdogo wangu kanipigia. Ile ya video. Kavaa miwani ya kusomea, nyuma yake yule ndama wake kalala kwenye zulia. Akasema yule mama kampigia, kamwambia dada yako simtaki kwangu, pole. Anauliza nilisema nini. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe. Nikasimama, nikaweka kanga kiunoni, nikamwigiza yule mama tangu "Madam, karibu" mpaka mikono mingapi. Nilimwigiza vizuri. Hata kipipa nilikiigiza, nikafungua kifuniko kwa mguu, nikajipepea.

Mdogo wangu ananitazama tu.

Nikasema labda hajaona vizuri. Nikamwongezea. Nikamwambia, na wewe mwenyewe, mwanakwetu, nilikuwa nataka kukuuliza. Miaka yote hiyo na Wazungu, siku hizi unachamba maji au karatasi? Maana kipipa kile tungekigawana, na mie nijue nalala na nani.

Akavuta pumzi ndani. Nikangoja ile "ja", haikuja. Akavua miwani.

"Ulipokuja kwangu," akasema, "ulikula ndizi tupu. Mie nilikupikia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Papa nilimtafuta mji mzima. Nilijisemea, ni mbwa, dada haniogopi mie, anaogopa mbwa."

"Mbwa ndiye," nikamwambia. "Sasa tutafute chumba chengine, iko ile ya gati, tuwaombe wabadilishe shuka."

"Usitafute."

"Mie nitakuja na shuka zangu mwenyewe. Na sufuria nitakuja nayo. Wewe utakaa tu, nitakupikia mie."

Akamtazama mbwa, akanitazama mie.

"Dada, nishachukua chumba," akasema. "Pale pale kwa yule mama. Cha mtu mmoja."