Mama Mchecheto

Jina lake halisi nani analikumbuka? Dukani tulimwita Mama Mchecheto, likamkaa. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, utamwona anazunguka meza, anapima alichokwisha kupima, anafungua dirisha, analifunga. Cherehani yangu ilitazamana na meza yake, na hizo pitapita zake zilinichosha roho.

Wateja walidhani ni mwoga. Wapi! Mwoga angeacha kazi. Mchecheto ni moyo kukosa pa kukaa kwa jambo unalolipenda na unaogopa kuliharibu, mpaka miguu nayo inakosa pa kukaa.

Binti yake wa pekee akachumbiwa. Gauni la harusi angeshona nani kama si mama? Siku ya kukata, mama mkwe mtarajiwa alileta satini mwenyewe, akavuta kiti atazame. Binti akamnong'oneza mama yake, nikasikia: "Mama, nakuomba, leo usiniaibishe na mchecheto wako."

Basi mwenzangu akatulia. Hakuzunguka, hakurudia kupima. Akakata mwili, akakata mikono, mgeni akaridhika akaenda zake, binti akabaki.

Alipoanza kuunganisha, nikaona cherehani yake imenyamaza. Alikuwa ametandika vitambaa viwili vya mikono vyote uso juu, badala ya kuvilaza uso kwa uso, na sasa mikono yote miwili ya gauni ilikuwa ya kushoto. Satini ile ina uso mmoja tu, huwezi kuigeuza, na mabaki hayatoshi hata kola. Harusi yenyewe keshokutwa.

Akakaa, viganja mapajani, hatikisiki. Hapo niliogopa hasa, afadhali angelia. Binti sasa ndiye aliyeshikwa na mchecheto: mlangoni, dirishani, mlangoni tena, anauma kucha.

"Mama, sema chochote basi."

Uvumilivu ukanishinda. "Si ulitaka atulie?" nikamwambia binti. "Haya, katulia."

Yalimchoma. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. "Inuka, mama. Zunguka meza yako. Twende wote."

Wakazunguka, mama mbele, mwana nyuma, wakinipita na kunipita, nami sikuguna. Mwishowe mama akasimama penye mkia wa gauni, ule wa kuburuta. Akaupima. Akaupima tena.

"Tukiupunguza huu," alisema, "mkono wa kulia unapatikana."

"Kata, mama."

"Ngoja kwanza," akasema, akaenda kufungua dirisha.

Binti akavuta kiti, akangoja.