Nilivyokisifu Kijiji cha Wakwe

Mama wa mchumba wa binti yangu Rehema alikuja kwetu ughaibuni, mtaa wa Bredäng, kutoka kijiji kidogo cha Uingereza. Sisi watu wa Bujumbura humsifia mkwe kwao kabla ya chai.

"Baba, muulize mwenyewe," Rehema alinisihi.

"Mzee haulizi, mzee anajua." Nilikuwa nimesoma habari za kijiji chake mtandaoni.

Basi nikamwaga elimu, Rehema akitafsiri: kanisa la mawe, soko la sufu, na vijana wote kurudi salama vitani. "Kijiji chenu hakijui msiba!"

Mama yule akaweka kikombe chini. Rehema akanitafsiria: "Hicho ni kingine chenye jina kama letu. Chetu kina mnara wa waliokufa vitani. Babu yangu yumo."

Kisha akamgeukia mgeni, akasema naye taratibu, kwa muda mrefu. Safari hii hakunitafsiria.