Mwanamke wa Dirishani kwa Askofu

Brigida alikuwa amelainisha nta za mumewe kwa miaka thelathini, na jicho lake halikupitwa na kitu. Mumewe, Pellegro, alikuwa fundi wa nishani mjini Genova, aliyechonga picha kwenye nta kabla ya kumimina shaba, mikono ya dhahabu na kichwa cha mbuzi. Safari hii kazi ilikuwa ya askofu aliyetaka jumba la kupumzikia ufukweni. Upande mmoja wa nishani uso wa askofu, mashavu tele. Upande wa pili jumba lenyewe, ambalo lilikuwa bado halijapata hata jiwe moja. Ndiyo desturi: nishani sita hutiwa chunguni na kuzikwa msingini kabla ya ujenzi, zinazobaki hugawiwa wageni.

Kwenye nta ya jumba hilo, katika dirisha la juu, Brigida aliona mwanamke mdogo kama punje ya mtama, kitambaa kichwani, fundo kwenye sikio la kushoto. Mtaa mzima ni Brigida mwenyewe tu aliyefunga hivyo.

"We mzee, una wazimu? Mimi kwa askofu nafanya nini?"

"Unapunga upepo. Tabibu si kasema kifua chako kinataka hewa ya bahari? Nyumba ya pwani mimi nitaitoa wapi?"

"Nitoe humo! Tutakosa kazi."

"Kesho, mke wangu."

Kesho ya Pellegro haikufika. Akamimina shaba vilevile.

Siku moja kabla ya kuweka msingi, Ansaldo, msimamizi wa askofu, alikuja kuchukua zile sita. Akaisogeza moja dirishani, uso ukamwiva kwa hasira.

"Mwanamke! Chumbani kwa askofu! Mnataka mji utucheke? Mchimbueni huyu, sasa hivi!"

Pellegro akaokota patasi. Brigida alipaswa kufurahi, maana ndilo alilolilia wiki nzima. Lakini alipoiona patasi inamkaribia yule mwanamke, roho ilimuuma kama mtu anayefukuzwa kwake.

"Bwana Ansaldo," alisema huku akikohoa, "shaba ukiichimbua inabaki na kovu. Kesho mtazika nyumba yenye ufa. Nani atalala humo kwa amani?"

Ansaldo akapiga ishara ya msalaba. Mambo ya msingi wa nyumba hakuna anayeyafanyia mzaha.

"Haya, hizi ziende zilivyo. Ardhi haina umbea. Lakini kwenye za wageni nisimwone!"

Asubuhi wakasimama nyuma ya waashi, upepo wa bahari ukiwapiga. Padri akabariki, chungu kikashushwa, chokaa ikamwagwa juu yake.

"Haya, umeshahamia," Pellegro alimnong'oneza.

Brigida akacheka. Akamshika mkono.

"Na wewe je? Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, leo unanipa nyumba niishi peke yangu?"

"Mimi nipo nje, ufukweni," alisema Pellegro. "Ningekuchongaje kama nisingekuwa nakutazama?"