Swala Aliyenipa Leseni

Leseni yangu ya udereva nimepewa na swala. Cheka, lakini soma kwanza.

Mtihani nilishafeli mara mbili, na mkaguzi alikuwa yuleyule. Kosa langu? "Mwoga. Unashika breki kama umetumwa!"

Zahanati walikuwa wamenishikia kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, ila uvumilivu umewaisha. Nikifeli tena, anapewa mtu mwingine.

Basi siku ya mtihani wa tatu tukashika barabara ya msituni. Kwetu huko swala ni majirani. Wanakula maua yetu, wanalala uani, na kuvuka barabara mmojammoja hawavuki ng'o: akipita mmoja, wenzake wako nyuma.

Mmoja akakatiza. Nikasimama.

"Kashapita. Twende," mkaguzi akasema.

"Bado wenzake, mzee."

"Wamekupigia simu?"

Gari sikuling'oa. Tukakaa weee, hata jani halitikisiki.

"Toka hapo! Ngoja nikuonyeshe gari linavyoendeshwa."

Tukabadilishana viti. Akakanyaga mafuta kwa mbwembwe, mkono mmoja dirishani.

Puu!

Swala wa pili huyo. Alitugonga ubavuni, akang'oa kioo cha pembeni, akatutazama kwa dharau, kisha akaingia zake porini mzima wa afya.

Mkaguzi akashika breki. Nilimwonea huruma, kweli, huku nimeuma midomo nisicheke.

"Dada yangu," sauti imekuwa asali, "tuseme ulikuwa unaendesha wewe."

"Ili unifelishe kwa kugonga mnyama? Thubutu!"

Akanirudishia usukani. Asingethubutu kufika ofisini akiwa kwenye kiti changu.

Ofisini, bosi wake akalizunguka gari. "Kioo kiko wapi?"

Neno moja tu la huyu mzee, na kazi yangu imekwenda na maji. Nikamkodolea macho. Akaona kabisa kwamba akinitaja, nami nitamwaga kila kitu.

"Swala katugonga, bosi," akasema. "Sisi tulikuwa tumesimama."

"Nani alisimamisha gari?"

Angesema ni yeye, angejifunga mwenyewe. Kwenye mtihani, kiti cha dereva ni cha mtahiniwa tu.

"Huyu... huyu dada."

"Kaona mnyama, kasimama? Huyo ndiye dereva! Mpitishe."

Mkaguzi akasaini, uso umemkunjamana kama kalamba shubiri. Mimi? Nilishukuru kwa adabu zote.

Ndugu zangu, mwongo akikupa lifti, usimsahihishe njia. Funga mkanda, nyamaza, ushukie kwako.