Wadudu wa Picha ya Kumi na Mbili

Ukumbi ulikuwa ghala la pamba karibu na Mto Mirongo. Kamati ya mji ililipaka chokaa ndani, ikaliita jumba la sanaa kwa majuma mawili. Zilikuwa zimebaki wiki chache tufikie Uhuru, na kamati ilitaka Mwanza ionyeshe kitu chake yenyewe. Ikachagua kazi ya mzee niliyekuwa nikimsaidia: picha arobaini za ndege na ziwa, alizozipiga kwa miaka thelathini. Riziki yake ilitoka kwenye picha za harusi na za vitambulisho. Hizi za ndege zilikuwa zake mwenyewe.

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga, na watu aliwaona kama vivuli. Kwa hiyo zote arobaini nilizitoa mimi, kutoka kwenye vioo vyake vya zamani, vile vilivyoshika picha kabla ya filamu, na kabla picha haijatoka studio ilibidi nimsomee. Ndivyo alivyoita. Nasimama mbele ya picha, naanzia kushoto, nataja kila kilichomo, naye anafuata kwa kichwa kwa sababu anazijua zote kwa moyo.

Ya kumi na mbili sikumsomea. Alikuwa amekwenda Bukoba kwa binti yake. Ilikuwa picha ya mbayuwayu mamia juu ya jiwe moja la ziwani, na kwenye kioo anga lote lilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Kioo chenye kitundu hutoa doa jeusi kwenye karatasi. Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na maelezo ya kwenye makopo ya dawa, na vyote vilisema vitundu ni vumbi, vizibwe. Nikaviziba siku tatu, kimoja kimoja, kwa brashi nyembamba. Nilichagua wino usiotoka kwa maji, ili kazi idumu. Ningeweza kumngoja mzee. Sikumngoja kwa sababu nilitaka arudi anisifu.

Siku tuliyotundika picha, katibu wa kamati alisimama mbele ya ile ya kumi na mbili, akainamisha kichwa.

"Kijana, ndege wako wanapiga miayo?"

Nikatazama. Kila mbayuwayu alikuwa amefungua mdomo, na mbele yake hakuna kitu. Ndipo nikaelewa. Wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi wa nyumba inayoungua, wanaoingia kwenye chai na kwenye nywele. Mimi ni mtu wa Shinyanga, lakini miaka miwili nimewatema kutoka mdomoni kama kila mtu wa Mwanza. Nilikuwa nimewafuta wote.

Asubuhi ya ufunguzi mzee alifika mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wageni je?"

"Wameanza kufika. Milango ni saa nne."

"Basi tunayo nusu saa. Nisomee."

Nikamsomea ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono wake ulikuwa begani kwangu na nilijua anasikia jasho limepenya shati. Tukafika ya kumi na mbili.

"Hii ni ya wadudu wangu. Wametoka?"

"Wametoka, mzee."

"Mpaka wale wa pembeni, waliokaribia jiwe?"

"Mpaka hao."

Akatabasamu. "Ndege kila mtu anawapata. Wadudu walinipeleka pale Nyegezi misimu sita. Wakija, jua limejificha. Jua likitoka, upepo umeshawachukua."

Nikasogea ya kumi na tatu, nikaisoma. Nikaisoma ya kumi na nne nusu, nikashindwa.

"Mzee, ile ya kumi na mbili haina wadudu."

"Umesema wametoka."

"Nimesema uongo. Niliwaziba. Nilidhani ni vumbi."

Mkono ukaondoka begani. "Uliziba kwenye karatasi au kwenye kioo?"

Nilikuwa nimeomba asiulize hilo. Karatasi hutolewa nyingine. "Kwenye kioo."

"Wino gani?"

Nikamtajia. Nje katibu aligonga mlango.

"Fundi, watu wanaungua na jua huku."

"Waungue kidogo," mzee alisema, bila kupaza sauti. Kisha kwangu: "Na hizi nyingine, uliziziba?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo ni ngapi?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote: sikujua.

"Turudi ya kwanza. Usinisomee ndege. Nisomee mkono wako."

Tukarudi mlangoni. Kwenye ya kwanza nilikuwa nimeondoa mstari kwenye bawa la furukombe. "Hilo lilikuwa kovu," alisema. "Endelea." Kwenye ya pili nilifuta unyasi uliokata jicho la mnandi. Ya tatu nikasema sikugusa. Akauliza kama nina hakika, nikatazama tena, nikakuta nimegusa. Katibu aligonga mara mbili zaidi. Zote arobaini tulizipita hivyo, na saa tano ilikuwa imeshapita tuliposimama tena mbele ya mbayuwayu.

"Niiteremshe?" nikauliza, na niseme kweli, nilitamani akubali.

"Iache. Lakini wewe usitoke hapa. Atakayeuliza, mwambie. Sitaki nisikie umekaa kimya."

Akaketi kwenye kiti kando yangu, uso ameuelekeza mlangoni, milango ikafunguliwa. Wa kwanza kutufikia alikuwa mama mmoja anayeuza samaki sokoni. Aliitazama picha, akaisogelea, akarudi nyuma.

"Hawa wanakula nini?"

"Wadudu wa ziwani, mama. Walikuwepo. Niliwafuta mimi, nilidhani ni uchafu."

Alinitazama kuanzia viatu. "Njoo basi na kwangu uwafute kwenye sukari."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mzee hakucheka. Alisubiri mama apite, akanigusa kiwiko, kwa sababu mtu wa pili alikuwa ameshasimama mbele ya picha na mimi bado nilikuwa nimeinamisha kichwa.