Sponji Nyeusi Ti

Hospitalini walimwita Mzee Pe, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia, na kila shuka lilipotoka mashineni alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalikagua kama mtu anayemtafutia adui yake kosa, kisha akatamka neno moja: "Pe!" Maana yake jeupe pe, lipelekwe wodini. Asipotamka, shuka lilirudi majini, hata kama wauguzi walikuwa wamejaa mlangoni wakifoka. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu kichafu umempa kazi, na ukimpa kazi umempa raha. Ndiyo maana yaliyotokea yalitokea.

Alistaafu mwaka jana. Miezi minne baadaye mkewe, ambaye maisha yao yote alimwita Bibie, akaugua wiki tatu na kufariki. Walikuwa wamepanga kwamba akistaafu ndipo wangekaa pamoja kama watu. Waombolezaji waliondoka, binti yao naye akarudi kwa mumewe kwenye mji wa mbali, na Mzee Pe akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, redio moja, na bwawa la samaki uani.

Bwawa lilikuwa la Bibie. Alilichimbisha miaka sita iliyopita, binti alipoolewa, akalijengea ukingo wa mawe na kuweka koi wanane, wale samaki wa mapambo wenye madoa mekundu na meupe ambao mtu hawafugi ili awale, kazi yao ni kuogelea tu na kumjua anayewalisha. Kando yake lilikaa pipa la chujio. Pampu ilivuta maji kutoka chini ya bwawa, yakapita kwenye sponji nne nene ndani ya pipa, yakarudi bwawani yakimwagika. Mzee Pe hakuwahi kuligusa. Zamani hizo alitoka alfajiri, akarudi jioni hoi bin taabani, akala, akalala. Lakini Bibie alipokuwa kitandani hospitalini alimwomba jambo moja tu.

"Samaki wangu, mume wangu. Usije ukawaacha."

"Sitawaacha," akasema, na alimaanisha.

Kwa miezi minane alitimiza. Zilikuwepo siku ambazo maneno pekee yaliyomtoka kinywani kutwa nzima yalikuwa yale aliyowaambia samaki: "Haya, na wewe mwachie mwenzio." Mmoja, mkubwa kuliko wote, mwenye doa jekundu utosini, alizoea kuja juu na kumnyonya ncha ya kidole. Mzee Pe akaanza kuamka mapema kwa ajili ya hilo. Hakumwambia mtu. Mzee mzima na mvi zake, utamwambia nani kwamba kuna samaki anakungoja?

Asubuhi moja akaona maji yanarudi bwawani kwa kudondoka tu. Akalifungua pipa. Lahaula! Sponji zilikuwa nyeusi ti, zimevikwa utelezi wa kahawia, zinanuka matope.

"Bibie, Bibie," akasema kwa sauti, "kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiishi nyuma ya mgongo wangu?"

Akavua shati. Akachemsha maji, akatoa sabuni ya unga na brashi, akazifua sponji zile kama zimetoka chumba cha upasuaji. Alizisuuza kwa maji ya bomba mara tano, mpaka hapakuwa na hata tone la povu, akalisugua na pipa lenyewe, kisha akazianika juani zikakauka kau. Jioni akainyanyua moja kwenye mwanga. "Pe!" akasema, na akacheka peke yake. Ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote tangu msiba. Nalisema hilo wazi kwa sababu mapigo yaliyofuata hakuyastahili.

Siku mbili maji yalimeremeta, hata vijiwe vya chini vikaonekana. Siku ya tatu samaki hawakuja kwenye chakula. Siku ya nne walijikusanya pale maji yanapomwagikia, midomo nje, wakihema. Siku ya tano akakuta wawili wanaelea ubavu. Mzee Pe akafikiri kwa akili yake yote ya miaka thelathini na moja, akaamua kwamba bila shaka hakutakatisha vya kutosha. Akazitoa sponji, akazifua upya.

Wa tatu alikufa kesho yake. Yule mkubwa alikuwa amebana mapezi, mishipa myekundu imechora mkia wake, na kidole kilipoingia majini hakukisogelea. Mzee Pe akampigia simu binti yake.

"Baba, si uje tu ukae na sisi?" binti akasema. "Hao samaki mpe mtu."

"Nimpe mtu samaki wanaokufa?"

Binti alikuwa kazini. Watu walisikika wakimwita. Akaahidi kupiga baadaye. Mzee Pe akabaki ameishika simu, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hoteli iliyo kwenye barabara ya hospitali ina bwawa mbele. Alilipita miaka mingi bila kulitazama. Akachota maji ya bwawa lake kwenye chupa, kama anayepeleka kipimo maabara, akaenda.

Mtunza bustani wa hoteli alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira, kofia ya majani na koleo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, samaki wangu wananifia."

Akamweleza. Mama yule akamsikiliza huku akiikagua chupa.

"Sponji za chujio umezifanyaje?"

"Nimezifua."

"Kwa maji ya bwawa lenyewe?"

"Kwa maji ya moto na sabuni. Nikazisuuza kwa maji ya bomba mara tano."

"Mungu wangu. Na ule utelezi?"

"Haupo," akasema Mzee Pe, na fahari kidogo ilikuwa bado haijamtoka. "Nimeumaliza wote."

Mama akaliweka koleo chini. Akatia maji ya chupa kwenye kichupa chembamba cha kioo, akadondoshea matone ya dawa ya kupimia, akatikisa. Maji yakageuka kijani kibichi.

"Yanatakiwa yawe njano," akasema. "Hii kijani ni sumu. Samaki wanakula humo, wanajisaidia humo. Kwenye ule utelezi ndiko wanakoishi vijidudu wanaoila hiyo sumu. Utelezi ndio chujio, mzee. Sponji ni nyumba yao tu. Wewe umewaua wenye nyumba, ukapiga deki."

Mama akamtazama vizuri, kola iliyopigwa pasi, kucha safi, suruali yenye mstari ulionyooka, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Samahani, mzee. Wewe ulikuwa unafua mashuka hospitali?"

"Umejuaje?"

"Basi wewe ndiye Pe!" Akapiga kofi, akaangua kicheko. "Mkeo sponji ya kuanzia nilimpa mimi, miaka sita iliyopita. Tangu hapo kila Jumatano alikuwa hapa, tunakaa benchi lile tunapiga soga. Aliniambia, 'Mume wangu mwache afue ya hospitali, ila siku atakapolifungua pipa langu, samaki wangu wamekwisha.' Tulicheka mpaka machozi!"

"Kila Jumatano?"

"Kila Jumatano. Alisema nyumba ile ilikuwa inammeza. Binti ameolewa, mume anatoka hakujakucha, akirudi ni wa kulala. Samaki angalau wakimwona wanakuja." Akapunguza kicheko. "Ila siku hizi kimya. Kanisusa shoga yangu. Nimejiuliza mara ngapi nimemkosea nini. Hebu mwambie aje, kama kuna neno tulimalize."

Tangu msiba Mzee Pe hakuwahi kulazimika kulitamka. Kila aliyemjua alikuwa ameshajua.

"Amefariki," akasema. "Miezi minane sasa."

Mama yule akakaa chini kwenye ukingo wa bwawa na buti zake. Alilia bila kujifunika uso.

"Na hakuna aliyeniambia," akasema mwishoni.

"Sikujua kama upo, mama. Nisamehe. Sikujua."

Hilo ndilo lililomchoma. Miezi minane alikuwa amejihurumia kwamba ameachwa peke yake ndani ya nyumba ile, kumbe Bibie alikuwa peke yake humo kabla yake, zaidi ya miaka mitano, na mume anaye. Jumatano ngapi alimwambia "leo nilitoka kidogo," naye akajibu "vizuri" huku akivua viatu? Hakuuliza hata mara moja alitoka kwenda wapi. Mzee Pe aliona haya, haya ya kweli, ambayo haina wa kuombwa radhi.

Mama alijifuta, akalifungua chujio la hoteli, akatoa sponji moja nyeusi ti inayochuruzika, akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya bwawa.

"Usiisuuze. Usiikamue. Usiache ikauke njiani, ikikauka umebeba takataka. Iweke katikati ya zako. Kila siku badilisha robo ya maji, na hayo ya bomba yalaze kwanza kwenye pipa wazi, ile dawa ya bomba inayoua vijidudu itoke. Usiwalishe mpaka nikuruhusu."

Alitembea na ndoo ile barabara nzima. Maji meusi yalimrukia suruali, naye hakuyafuta. Karibu na geti la hospitali muuguzi mmoja alimtambua.

"Mzee Pe! Umebeba nini?"

"Uchafu," akajibu. "Nimeomba."

Muuguzi akacheka, akidhani ni utani, akaendelea na safari yake.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi alitoa ndoo kumi na mbili za maji ya bwawa na kuingiza kumi na mbili yaliyolala, mgongo ukimlalamikia. Samaki wa nne akafa siku ya pili. Akamzika chini ya ukuta pamoja na wenzake. Kila baada ya siku mbili alipeleka chupa hotelini. Kijani. Kijani. Kijani iliyofifia. Sponji zake nyeupe zilianza kuchafuka pembeni, na yeye, ambaye doa moja lilitosha kumharibia siku, alilifungua pipa kuutazama uchafu ukikua, akaomba ukue upesi. Yule mkubwa alikuwa bado hai, amejibanza chini, haji.

Siku ya kumi na mbili kichupa kikageuka njano. Mama akakiinua juu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kawalishe. Punje chache tu."

Alirudi karibu anakimbia. Akapiga magoti kwenye mawe, akadondosha punje tano, akangoja. Maji yalitulia. Punje zikaelea, zikasogea, hakuna kitu. Kisha doa jekundu likapanda kutoka chini, polepole, mdomo ukafunguka, punje ikazama. Ikafuata ya pili. Wale watatu wengine wakaja nyuma yake wakipigana vikumbo, na yule mkubwa akakipata kidole cha Mzee Pe, akakinyonya.

Mzee Pe akageukia mlango wa jikoni uliokuwa wazi.

"Bibie!" akaita kwa sauti yake yote. "Bibie, njoo uone! Wanakula!"

Akakaa hivyohivyo, kidole majini, uso umeelekea mlangoni, akingoja kusikia kandambili zake sakafuni. Alingoja kwa muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kutoka jikoni mpaka uani.